Maombi ya Kusajili Utani wa Wanyiha na Wasukuma, Kuanzia Tarehe za Nyuma

Yudita Mayala,
Nyumba ya tatu nyuma ya mashine ya kusaga,
Chapwa, Tunduma.
21 Juni 2009

Afisa Utamaduni wa Wilaya,
Vwawa.

Ndugu Afisa Utamaduni,

Kwanza naomba radhi kwa hicho kiganja unachokiona hapo juu kulia. Ni cha mwanangu Felista, ana mwaka mmoja na miezi minane. Sasa hivi tu, kabla sijaandika hata cheo chako, ametoka jikoni kwa miguu minne, analia mooo kama kawaida yake, akapitia kwenye sufuria ya maharage iliyokuwa inapoa, akachovya mkono, akaja akaugonga kwenye karatasi, pa, halafu akanitazama kama karani aliyemaliza kazi. Nilitaka kuanza upya, lakini daftari limebaki na karatasi nne na barua yenyewe nahisi itakuwa ndefu. Kisha nikaona mbona ni vizuri. Barua ya ofisini bila muhuri haisomwi. Huo ni muhuri wa kwanza, wa pili utagonga wewe.

Hujambo lakini? Mimi sijambo, mtoto unamwona hajambo, mume wangu yuko Kamsamba anavuna mpunga na kwa habari za mwisho hajambo. Hata dada Loisi, jirani yangu wa chumba cha pili, hajambo. Amekaa hapa mlangoni anachambua mchicha wa kuuza, na mimi nasoma kwa sauti kila ninachoandika, maana ndivyo nilivyofundishwa darasa la tatu na namna nyingine siijui. Loisi ni mtu mzuri sana, ingawa ni Mnamwanga, na wewe unawajua watu wa mpakani, mguu mmoja huku mguu mmoja Zambia, akikuahidi kitu hujui ameahidi kwa sheria za nchi gani. Amecheka. Tunapendana.

Sasa shida yangu. Mimi ni Msukuma. Baba alishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka bonde la Momba mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Nimemaliza darasa la saba. Tangu Aprili 2007 nachambua maharage kwenye ghala la Bwana Osward hapa Chapwa. Maharage yanakuja kwa magunia kutoka Mbozi, tunayamwaga kwenye turubai, tunatoa mawe, tunatoa yaliyooza na yaliyotobolewa, halafu yanavushwa kwenda Zambia. Tuko wanawake kumi na wawili. Msimamizi wetu, nyapara kama tunavyomwita, ni Kaka Zabron, Mnyiha wa Hasamba.

Jumatatu ya tarehe 29 nimeitwa mbele ya Bwana Osward nijieleze kwa nini nisiachishwe kazi. Kosa langu limeandikwa kuwa ni ukabila. Nilifurahi kuliona neno hilo kwenye karatasi ya ghala letu, maana kwa miaka miwili na miezi miwili sikujua kama ghala letu linalijua. Nitakueleza yote, lakini usije ukachoka kabla ya kufika mwisho, ninachoomba ni hiki: karatasi yenye muhuri inayosema Wanyiha na Wasukuma ni watani, na kwamba wamekuwa watani tangu Aprili 2007, saa mbili asubuhi, nilipoingia getini. Nikiipata, kazi yangu imepona. Sababu zangu ni hizi.

1. Samli. Siku yangu ya kwanza Kaka Zabron aliamuru milango yote miwili ifunguliwe ili maharage yasije yakafika Zambia yananuka samli. Mimi samli nilikuwa na mwezi mzima sijaionja. Akanikalisha mlangoni, upande upepo unapotokea, na nipo hapo hadi leo. Kiangazi nakula vumbi la malori, masika nanyeshewa bega la kushoto. Sitaki kusema uongo, mlangoni kuna faida yake. Madereva wa Zambia wakipita wananisalimia mulishani nami naitikia bwino, na wenzangu wa ndani hilo hawaliwezi. Lakini bega ni langu.

2. Kuhesabiwa. Kila asubuhi Kaka Zabron anatuhesabu kwa kidole, kisha anapaza sauti kuelekea ofisini: "Watu kumi na mmoja na Msukuma mmoja." Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili. Siku moja niliumwa malaria. Edina, mwenzangu, aliniambia baadaye kwamba siku hiyo alitangaza watu kumi na mmoja, kamili.

3. Mimba. Tumbo langu lilipoanza kuonekana aliniuliza mbele ya watu kama nitazaa mtu au ndama. Wenzangu walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, maana mtu anayecheka kwa nguvu hasikiki akifanya kitu kingine. Lakini niandike na hili ili usiseme nampendelea nani: uchungu uliponishika palepale kwenye turubai, aliyesimamisha lori na kunipeleka zahanati ni huyohuyo Kaka Zabron, alinishikia na kanga njia nzima, anatetemeka kuliko mimi. Tulipofika akamwambia nesi amemletea mteja wa bwana mifugo. Sasa mtu wa namna hiyo utamweka fungu gani? Maharage ni rahisi zaidi.

4. Mizani. Aliyekuwa karani wa mizani aliolewa Mbalizi akaondoka. Nikaomba nafasi ile, kwa adabu, nimevaa kilemba kipya. Kaka Zabron akasema Msukuma anajua kuhesabu mikia tu. Naomba ofisi yako ipokee maelezo yangu. Mikia ya baba ilikuwa sitini na miwili. Inatembea. Inakwenda mtoni inachanganyika na ya jirani, inagombana, mingine inalala kwenye majani huioni. Nami nilikuwa na miaka tisa, nilirudi nyumbani kila jioni na mikia sitini na miwili. Gunia la maharage, Ndugu Afisa, halitembei. Kazi akapewa Edina, ambaye namheshimu, lakini siku ya magunia mengi vidole vinamwishia anakuja mlangoni kuazima vyangu.

5. Hapa ndipo penyewe. Felista alipoanza kutambaa alikuwa anaifuata turubai kama wengine wanavyofuata pipi. Kaka Zabron akasema, "Huyo ndama afungwe nje, humu kuna maharage." Hakumfunga, ni maneno tu. Lakini jina lilikwisha kuandaliwa toka tumboni, likamkaa. Wenzangu nao wakamwita ndama, kwa upendo, ndama wetu, njoo ndama, lia ndama upewe andazi. Alilia, alipewa. Mtoto yeyote angefanya hivyo.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilimpeleka kliniki. Nesi, mgeni hapa, akainama akamuuliza, "Unaitwa nani, mrembo?" Felista akajibu, neno lake la kwanza kamili mbele ya mtu wa serikali: "Ndama." Kisha akalia mooo, akanyoosha mkono apewe andazi. Benchi zima la kina mama likacheka. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikajitazama kwenye kioo kidogo cha mlangoni nikashangaa uso wangu, halafu nikamwambia sema Fe. Akasema mooo. Sema Fe. Mooo. Tuliendelea hivyo mpaka uji ukapoa.

Kesho yake nikaenda kwa Bwana Osward. Akamwita Kaka Zabron. Naye akasema, ametulia kabisa, "Mzee, hawa ni watani wetu. Wanyiha na Wasukuma ni watani toka enzi za mababu. Na nchi hii kila mtu ana uhuru wa kusema." Bwana Osward anapenda amani, na nje lori lilikuwa linapakiwa. Akasema kama ni utani basi hapa hakuna kesi. Akanigeukia: "Na wewe Mama Felista mjibu. Nani amekukataza?"

Nilitoka pale nimefurahi kama niliyepewa ng'ombe mwenye maziwa. Kwa sababu mimi utani naujua. Babu alipofariki kule Kamsamba watani wa ukoo wetu walikuja kwa baiskeli kutoka mbali. Mmoja alilala kwenye mkeka wa babu, akakohoa kwa sauti ya babu, akadai ugoro. Mwingine alichukua jembe akakalia udongo wa kaburi mpaka akapewa kuku. Walitutukana kuanzia baba mpaka mbwa, na hakuna aliyenuna, maana kumnunia mtani ni mwiko. Lakini haohao ndio waliochota maji, wakapasua kuni, wakasaidia kuchimba, na hawakuondoka mpaka walipoona mama amekula. Ndivyo utani ulivyo. Mtu anaruhusiwa kukusema kwa sababu siku yako ikifika hawezi kukuacha. Kumbe Kaka Zabron alikuwa ametanguliza matusi, zile kazi nyingine zimebaki.

Nikaanza kumkumbusha. Nilimwomba anibebee ndoo ya maji kutoka bombani. Akakataa. Nikashangaa. Nilichukua kiazi kwenye sahani yake mchana, kama mtani, nikala nikimtazama. Akanuna. Nikashangaa zaidi. Nikamwambia Wanyiha wanaipenda kahawa mpaka wakiota ndoto wanaiota imekaangwa. Akaniambia nichunge mdomo. Nikaona pengine anaona aibu mbele ya watu, nikangoja nafasi nzuri.

Samahani, nimesimama kidogo. Felista alikuwa amembebea kuku maji kwa mikono, yote yakaishia kwenye gauni. Huyo kuku utamfahamu sasa hivi, yumo kwenye kesi.

6. Hasamba. Wiki tatu zilizopita bibi yake Kaka Zabron, mama mzaa baba, alifariki akiwa na miaka tisini na kitu, usingizini, ameshakula. Bwana Osward akatoa lori, ghala zima likapanda. Njiani wenzangu waliimba nyimbo za kanisani, mimi nilikuwa nafanya mazoezi moyoni. Kaka Zabron kafiwa, mtani wake yupo, halafu mtani akae kimya kama mpita njia? Ingekuwa aibu kwa Wasukuma wa bonde zima.

Wachimbaji walipomaliza nikamkaza Felista mgongoni, nikachukua jembe, nikakalia kifusi. Nikasema kaburi hili halifungwi mpaka mtani apewe kuku. Nikasema bibi hakufa kwa uzee, amechoka kumsikia mjukuu wake akihesabu watu. Kisha nikasimama nikawahesabu waombolezaji kwa kidole, polepole, kama afanyavyo mwenyewe kila asubuhi, na nilipomaliza nikatangaza: "Watu mia mbili, na Mnyiha mmoja." Kidole kikabaki kwake.

Ndugu Afisa, vichwa vyote vikakifuata kidole. Halafu wenzangu wa ghala, ambao hesabu ile wanaijua, wakaziba midomo kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Kaka Zabron akasema mtoeni huyu mchunga ng'ombe. Hapo Bibi Ruti, mdogo wake marehemu, ambaye hana jino hata moja, akauliza huyu binti ni wa nani. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikasema mimi ni mtani wenu, bibi, Zabron ndiye aliyetuambia, mbele ya bosi. Bibi Ruti akafikiri sana. Akasema tangu azaliwe hajausikia utani huo. "Lakini kama Zabron ameshautangaza," akasema, "mpeni kuku. Wa Zabron mwenyewe." Kisha akacheka, na Bibi Ruti akicheka hakuna anayeweza kujizuia, msiba wote ukacheka huku unalia. Kaburi likafungwa vizuri. Mimi nikabaki Hasamba siku mbili. Nilichota ndoo kumi na tisa, nikaosha masufuria ya watu mia mbili, mmoja wao akiwa haongei na mimi.

Niliporudi kazini nikakuta barua. Imesema nimetumia lugha ya ukabila mahali pa msiba na nimejipatia kuku kwa njia ya ukabila. Bwana Osward, ili asionekane ana upande, ameamuru kuku akae kwangu kama kidhibiti mpaka tarehe 29, asiliwe, asiuzwe, asiazimwe. Nimemfunga kwenye mguu wa meza. Ni mwekundu, ana dharau kidogo. Tangu aje ametaga mayai matano, na hapa naomba msaada wako wa kitaalamu: mayai nayo ni vidhibiti? Mawili Felista alishayala kabla sijapata wazo hilo.

Kwa hiyo, baada ya kufikiri sana nikichambua, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo.

(a) Itoe cheti cha utani, chenye tarehe niliyotaja. Sitaki Kaka Zabron akatazwe kusema. Hapana. Uhuru wake abaki nao wote, nami nipewe wangu unaotoshana na wake.

(b) Ipange ratiba. Jumatatu, Jumanne na Jumatano waseme Wanyiha, Alhamisi mpaka Jumamosi Wasukuma. Jumapili ni ya Mungu, tupumzishe midomo.

(c) Iangalie uwiano. Ghalani Msukuma ni mimi peke yangu. Wao wakisema mara moja kila mmoja, mimi itanibidi niseme mara kumi na moja, nikimaliza maharage hayajachambuliwa. Naomba ama neno langu moja lihesabiwe kuwa kumi na moja, ama serikali iniletee Wasukuma kumi kutoka Kamsamba. Watakaa kwangu, tutabanana.

(d) Itoe kadi ya utani kwa kila mfanyakazi, kama ile ya kliniki yenye njia ya kijani, ya kijivu na nyekundu. Kila neno liwekewe nukta. Samli iwe kijani. Mikia iwe kijivu. Mtoto awe nyekundu, na nukta ikigusa nyekundu mtu apelekwe haraka kwa wataalamu kama wanavyotupeleka sisi watoto wakipungua uzito. Sijui kama vipo vipimo vya kitu hiki. Lakini kama unaweza kujua mtoto anadhoofika kwa kumtundika kwenye mzani, nafikiri hata hili lingepimika, watu wangetaka.

(e) Isambaze utani huu kwa makabila yote ya ghala, tusibaguane. Mimi binafsi niko tayari. Hapa nyumbani mbona tumeshaanza bila cheti? Loisi huyu namsema kutwa, na hana neno. Nimemfundisha hata Felista kumwiga: anaficha kikombe ndani ya gauni, anatembea amejibinua kama Mnamwanga anayevusha sukari ya magendo. Utacheka mpaka ukae chini. Loisi mwenyewe hajawahi kuvusha hata kiberiti, lakini si ni kabila lake. Hapa Loisi hakucheka, nadhani mchicha umemchosha.

Na kama ukitazama vitabu vyako ukaona utani huo haukuwahi kuwepo, kama alivyosema Bibi Ruti, naomba hilo nalo uliandike na uligonge muhuri. Nitapokea. Nitarudisha kuku na mayai matatu, nitamwomba radhi Kaka Zabron mbele ya ghala zima. Ila utuandikie na mstari mmoja chini yake, kwamba yale ya miaka miwili kama hayakuwa utani yalikuwa nini, na niyaweke wapi, maana chumba changu ni kimoja.

Mimi nina matumaini. Naona kabisa tarehe 29 naingia ofisini na cheti, Bwana Osward anakisoma mara mbili, Kaka Zabron anakuna kichwa, halafu tunapeana mikono, na kesho yake asubuhi anatuhesabu anasema watu kumi na wawili. Akisema hivyo siku moja tu, hata akiongeza na ng'ombe juu, mimi nitaitikia.

Nikuachie nafasi ya kazi nyingine. Nisalimie karani wako, mlinzi wa getini, mama anayewapikia chai na watoto wake, na wote wa Vwawa wanaotufahamu. Kaka Zabron akipita hapo ofisini kufuatilia la kwake, naye msalimie, mwambie bibi alizikwa vizuri.

Ni mimi ninayesubiri muhuri,
Yudita Mayala (Mama Felista),
mchambuaji wa mlangoni.

Nyongeza ya haraka. Ndugu Afisa, nilikuwa nimeshakunja barua, nimeikunjua. Loisi amesimama. Amefunga mchicha wake mafungu mafungu, Felista naye akamfuata nyuma, kikombe ndani ya gauni, amejibinua, anacheka, anamtazama Loisi ili apewe kitu. Loisi akamwangalia. Kisha akacheka kwa nguvu sana, nami ndipo nikauona uso wake. Ndugu Afisa, uso ule naufahamu. Nimeuona kwenye kioo cha mlango huu, siku niliyotoka kliniki.

Nikamwambia dada Loisi, jamani, nilikuwa natania. Akasema, "Najua. Wanamwanga na Wasukuma ni watani, dada yangu. Nimewasajili sasa hivi." Akainama chini ya meza akamfungua kuku.

Nikamwambia huyo ni kidhibiti. Akasema mtani hanyimwi. Nikamwambia bila kuku sina kesi. Akasema kumnunia mtani ni mwiko, nimeyasoma mwenyewe kwa sauti, kwenye habari ya msiba wa babu. Nimetafuta cha kumjibu katika barua yangu nzima, kuanzia namba moja hadi herufi e, sikukipata, kila mstari uko upande wake. Ameshamchukua kuku uani, na maji ameyabandika.

Kwa hiyo naomba maombi yangu yote yafutwe, cheti, ratiba, kadi na tarehe za nyuma. Andika kwamba Chapwa nzima hakuna mtani wa mtu yeyote, na usiweke kuanzia lini, weka kuanzia leo. Tarehe 29 nitakwenda mikono mitupu nimweleze Bwana Osward mambo yalivyo, kuanzia kwa Felista, na sitacheka. Leo hii namkalisha mwanangu kwenye ndoo nimfundishe kusema Loisi, na yeye Loisi nimwambie ukweli wangu, kwamba

anaita. Anasema Mama Felista, nyinyi watu wa ng'ombe kisu mnakiweka wapi, njoo ushike miguu. Nakwenda Ndugu Afisa, nimwahi kabla hajamchinja, ila hiyo sauti yake sijui kama bado amekasirika au ndiyo tayari utani